Maharage ya Mwinjilisti

Lameck, mwinjilisti wa Kilutheri kutoka Kituntu, alikuwa na ulimi wa kushinda hoja, na ulimi huo ndio uliomponza. Usharika ulimhamishia Isingiro awapelekee Injili wafugaji, watu ambao yeye, mtoto wa migomba na kahawa, aliwajua kwa kupishana nao mnadani tu.

Siku ya kwanza mzee Karekezi alimsikiliza vizuri mpaka habari ilipofika msalabani, akamkatiza.

"Huyo aliyekufa kwa ajili ya watu wasio wa ukoo wake, ndugu zake walisemaje?"

Lameck alifurahi. Kituntu watu hubatizwa kabla hawajaota meno. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali kama hilo. Kabla hajajibu, mzee akamnyooshea kibuyu cha maziwa.

"Kunywa kwanza, mwanangu. Ila hukula maharage leo?"

Kwa wafugaji wale, aliyekula maharage hanywi maziwa siku hiyohiyo. Ng'ombe ataumwa kiwele. Lameck alikuwa amekula. Angesema tu, "Nimekula, mzee, nitakunywa kesho," mambo yangeisha. Lakini aliona nafasi ya kuvunja mila mbele ya watu.

"Nimekula, na ninakunywa," alisema kwa sauti ya mimbarini. "Yesu ametuweka huru!" Akakimaliza kibuyu chote, mjinga yule.

Mzee hakugomba. Wiki ileile ng'ombe wake aliyempenda kuliko wote alivimba kiwele. Daktari wa mifugo alisema ni maradhi ya kawaida, lakini nani wa kumsikiliza? Tangu hapo Lameck alipewa salamu na kigoda cha kukalia, maziwa hakupewa. Akigusia msalaba, mzee aliinuka kwenda kutazama ndama.

Lameck alijuta, akajuta sana. Alikuwa ametumwa kumpata mtu, yeye akashindana na kibuyu. Basi akaacha maharage kabisa. Huku kwetu kuacha maharage ni kama kuacha kula. Mkewe Benadeta alimpikia ndizi tupu miezi minane, akinung'unika kwamba mume wake amerogwa. Kila Jumatano Lameck alikwenda kwa mzee, akaketi, akasema, "Shikamoo, mzee. Sijala maharage."

"Marahaba. Vizuri," Karekezi aliitikia, basi.

Jumatano moja ya mvua alikuta watu wamejaa uani na wanaume wakichimba kaburi. Mzee alikuwa amefariki alfajiri ile. Kokushubira, binti wa marehemu, alimvuta Lameck pembeni. Alikuwa ameshika kibuyu.

"Jana baba aliniagiza kwamba ukija leo nikupe maziwa. Alisema amekununia vya kutosha, sasa anataka jibu lake." Akakiinua kibuyu. "Hukula maharage?"

"Sijala."

Lameck alikunywa. Kokushubira alimngoja amalize, akapokea kibuyu na kukifuta mdomo kwa kanga yake.

"Haya, niambie mimi. Ndugu zake walisemaje?"

"Walisema amerukwa na akili," Lameck akamjibu, kisha akalia mbele za watu bila kujificha, kwa kuwa jibu lenyewe lilikuwa fupi hivyo.