Ng'ombe Aliyepita Nyuma ya Kauboi

Mwaka tisini na moja mimi Mwanahalima nilikuwa na ukumbi wa video hapa Mwisenge, na tangu hapo sitaki mtu aniletee habari za ng'ombe.

Nilikuwa na kanda ya kauboi, ya kiwendawazimu kabisa. Farasi anavuta kiko. Maiti anajichimbia kaburi huku anaimba. Jua linazama mfukoni mwa mtu. Mkusanyaji wa filamu adimu akaifuata kutoka Nairobi. Alisema duniani zimebaki tatu tu, na wenzake watakufa kwa wivu. Nikakubali aichukue, ila kwanza tuionyeshe mara ya mwisho.

Siku hiyo akaja Baba Burito, mfugaji wa Butiama, ambaye hakuwahi kuona video. Farasi akavuta kiko, mzee kimya. Jua likaingia mfukoni, kimya. Ng'ombe mwekundu akapita nyuma ya kauboi, mzee akaruka juu.

"Mama, rudisha! Alama hiyo ya sikio ni ya ukoo wetu. Huyo tuliibiwa juzijuzi!"

"Baba Burito, filamu hii ilipigwa Amerika kabla wewe hujaoa!"

"Basi huyo ni bibi yake. Naye tuliibiwaga."

Jioni sungusungu, walinzi wa jadi wanaosaka wezi wa ng'ombe, wakaja kwa malalamiko ya mzee, wakachukua kanda yangu kuwa ushahidi. Mkusanyaji akalia kama mtoto. Wakamtuliza: kanda atapewa, kauboi akishafika barazani kujieleza. Na kwa kuwa yeye ndiye anayemfahamu, wakampa barua ya wito ampelekee.