Mkoba wa Kupita Langoni

"Shusha!" Projestus alisema, na rungu lake akalilaza kati ya nguzo mbili za lango la hospitali alilolilinda, utadhani anazuia ng'ombe wasiingie shambani.

Mwanaheri hakushusha. Alikuwa ametoka Temeke kwa miguu, furushi la vitabu kichwani juu ya kata ya kanga, mikono mitupu, shingo imenyooka. Hivyo ndivyo alivyobeba maji na kuni tangu utotoni, na hivyo ndivyo alivyobeba vitabu vya uuguzi: cha viungo vya mwili, cha upasuaji, cha uzazi, na kile cha madawa, kizito kama tofali. Vyote kwa Kiingereza, na vyote mali ya hospitali. Bweni la wanafunzi lilikuwa limejaa, na wenye kwao mjini waliambiwa walale kwao. Namna ya kubeba hakuna aliyewaambia, mpaka wiki hiyo.

"Kaka Projestus, nachelewa darasa. Nipishe."

"Hapa mie si kaka yako. Tangazo hulioni?"

Tangazo lilikuwa limepigiliwa ukutani. Wauguzi wanafunzi ni marufuku kubeba mizigo kichwani, ni marufuku mafurushi na makapu. Vitabu vichukuliwe ndani ya mkoba unaofaa. Mkoba unaofaa ni upi, na utatoka wapi, aliyeandika hakujisumbua kueleza. Projestus mwenyewe kusoma kulimpa taabu, lakini kukataza alikujua kama sala.

Gari la Metroni likasimama nyuma yao. Metroni, mkuu wa wauguzi wote, alishuka, mama wa Kizungu mwenye soksi nyeupe na saa iliyoning'inia kifuani. Alikuwa na miaka mingi nchini, na Kiswahili chake alijifunzia jikoni kwa mpishi wake, kwa hiyo kilikuwa amri tupu.

"Wewe. Hapa soko?"

"Hapana, Metroni."

"Nesi hapana beba kichwani. Kapu hapana, kapu iko dudu mingi. Saa nane wewe leta mkoba ofisi yangu. Hapana mkoba, mimi chukua vitabu."

"Metroni, mtihani ni Jumatatu."

"Basi kimbia."

Rungu likaondoka upesi, Projestus akapiga saluti, gari likapita. Mwanaheri akabaki nje.

Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa! Aliyeshindwa mtihani ule alivuliwa gauni siku hiyohiyo na kurudishwa kwao, kurudia hakukuwapo. Kukesha macho kodo kwenye kibatari, kumwaga vyoo vya wagonjwa, kutukanwa kwa Kiingereza na kuitikia "ndiyo Sista", vyote hivyo vingekwenda na maji kwa kukosa mfuko. Mfuko! Alitembea kwenda Kariakoo.

Mama yake, Bi Tunu, alikuwa ameketi pembeni mwa soko na mafungu yake ya ukili, anasuka. Makapu yake yalijulikana kwa midomo: kila moja alilimalizia kwa msuko mweusi na mwekundu uliopishana, kama alivyofundishwa na mamake, na hapo sokoni hakuna mwingine aliyeuweza. Yaliyo mazuri zaidi aliyachukua mchuuzi mmoja, Salumu, akaenda kuyauza Uzunguni nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Wamekufukuza?"

Mwanaheri akaeleza. Bi Tunu hakungoja amalize. Akavuta kapu jipya, lenye kifuniko na mikono miwili minene.

"Hili hapa. Tia vitabu vyako wende zako."

"Makapu yamekatazwa, mama. Wanasema yana kunguni."

"Kunguni!" Bi Tunu akautupa ukili chini. "Ukili huu nimeuchemsha kwa mkono wangu, nikauanika juani ukakauka. Yeye huyo Metroni wako, nani kamchemsha?"

Wanawake wa jirani wakaangua kicheko. Mwanaheri hakucheka.

"Mie nataka mkoba wa dukani. Wa ngozi. Nimechoka kusimamishwa langoni kama mwizi."

Maneno hayo yalimwingia Bi Tunu, ikaonekana usoni. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa yote aliyokuwa ameuza tangu asubuhi, akamtilia mwanawe kiganjani.

"Haya. Kanunue hiyo ngozi. Lakini jua, mwanangu, mama yako hakukuletea kunguni."

Mwanaheri alitaka kumwomba radhi, akaona muda hauna huruma, akaondoka.

Dukani mikoba ilining'inia darini. Ile ya ngozi kweli aliishika, akaifungua, akaivuta mishono. Ilikuwa migumu na mizuri, na bei yake ingemshinda hata karani.

"Juzi niliambiwa nusu ya hiyo," alisema.

"Juzi si leo, dada," alijibu muuzaji, kijana mwembamba aliyeitwa Nassibu. "Meli imeingia na bei mpya. Ukingoja kesho utaikuta imepanda tena." Akamtazama gauni lake la uuguzi, akamtazama furushi, akainama chini ya meza. "Ila wewe wa kutusaidia sie tukiugua. Chukua huu. Nao ngozi, ngozi ya Ulaya, nyepesi."

Ulikuwa wa kahawia, unang'aa, una kifungo cha shaba. Mwanaheri aliubonyeza, ukasimama imara. Akaunusa, ukanuka ngozi. Na hapo ndipo alipokosea, nami simlaumu hata kidogo. Katika maisha yake ngozi alikuwa ameijua kwa viatu vya watu wengine tu, na viatu hunuka rangi ya viatu. Angejuaje kwamba rangi hiyo mtu aweza kuipaka hata kwenye kadibodi? Alivitia vitabu vyote vinne, kifungo kikalia kwa sauti tamu, naye akatoka pale ameushika mkoba mkononi kama wanavyoushika Wazungu. Mtu mmoja njiani alimwita "Bi Nesi", akafurahi. Maskini!

Mvua ya masika ilimkuta katikati ya Mnazi Mmoja, uwanja mtupu, hakuna pa kujibanza. Alikimbia. Kwanza rangi ilimtiririka mguuni. Kisha mkoba ukavimba kama maandazi, kitako kikaachia, na vitabu vya hospitali vikaanguka matopeni kimoja baada ya kingine. Mkononi ukabaki mshikio.

"Ngozi gani hii?" alipiga kelele peke yake uwanjani. "Ng'ombe hunyeshewa masika nzima, mbona haumuki?"

Alilia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Alivua kanga begani akavifunika vitabu, mwenyewe akalowa mpaka mifupani, akavikumbatia kifuani hadi langoni.

"Mkoba uko wapi?" Projestus akauliza.

Mwanaheri akamwonyesha mshikio. "Huu."

Projestus alicheka mpaka akashika nguzo. "Nenda. Mwenyewe anakungoja."

Ofisini Metroni aliwasha taa, akafunua kurasa zilizogandana. Hakuuliza kama mtu ameumia, wala hakuuliza mvua ilimkuta wapi.

"Vitabu ya serikali haribu. Wewe lipa. Vitabu rudi stoo sasa."

"Metroni, nimenunua mkoba. Nimefanya ulivyosema. Nimedanganywa dukani. Niachie mpaka Jumatatu tu, nitavikausha."

"Hapana. Wewe hapana jua tunza kitu."

Maji yalikuwa yanatiririka juu ya meza, karibu na karatasi zake. Metroni akaguna, akaenda nyuma ya mlango na kuangua kitu msumarini. Ndani yake akatoa taulo la kuogelea baharini na kofia ya jua, kisha akavitia vitabu vyenye matope, vyote vinne.

Lilikuwa kapu la ukili. Mdomo wake ulikuwa na msuko mweusi na mwekundu, umepishana.

Mwanaheri akasogea karibu. Vidole vilivyousuka msuko ule alivijua hata kwa nyufa zake.

"Metroni. Hilo ni kapu."

"Ndiyo. Zuri sana, eh? Kazi ya mikono. Mimi penda."

"Kapu iko dudu mingi," Mwanaheri alisema.

Metroni akamkazia macho. Uso ulimwiva, shingo ikafuata.

"Hii safi," akasema polepole. "Hii yangu. Beba, peleka stoo. Kapu rudisha."

Mwanaheri aliinama, akaviringisha kanga mbichi ikawa kata, akalinyanyua kapu na kujitwika kichwani, palepale mbele ya meza. Alisubiri akatazwe. Metroni aliona, akarudi kwenye karatasi zake. Bila shaka! Asubuhi alikuwa nesi na vitabu vyake, ikawa haramu. Sasa alikuwa mtumishi na kapu la memsabu, na mtumishi abebe wapi kama si kichwani?

Nje mvua ilikuwa imekatika. Stoo ilikuwa kushoto, mwisho wa ujia. Mwanaheri alisimama kidogo. Alijua kitu hiki kinaitwaje kwa lugha ya polisi. Alijua pia kwamba kuanzia hapo mpaka Jumatatu asubuhi hakuwa na njia nyingine ya kujiandaa kwa mtihani. Akashika kulia, kuelekea langoni, mwendo uleule wa kila siku, mikono ikining'inia.

Projestus aliunyanyua mkono kumzuia, halafu akaliona kapu. Hospitali nzima ililijua, na yeye zaidi, kwa kuwa kila Jumamosi ndiye aliyelipakia garini Metroni akienda baharini.

"La Metroni hilo?"

"La Metroni. Kaniambia nibebe."

"Mbona hukusema mapema? Pita, pita, usimcheleweshe mama wa watu!" Akaondoa rungu, akalisukuma lango likafunguka lote, na kwa mazoea mkono wake wa kulia ukapanda mpaka kwenye kofia.

Saluti ile haikuwa ya Mwanaheri, na yeye alilijua hilo vizuri. Alipita bila kugeuza kichwa. Watakuja kumtafuta, wakitaka, Temeke haihami. Lakini lazima kwanza apite sokoni, Bi Tunu akaone kunguni wake wamefika wapi. Matone ya matope yalikuwa yakimdondokea begani kutoka kapuni. Alipofika Mnazi Mmoja alikuwa ameshaanza kujisomea kwa sauti mifupa ya shingo, kwa Kiingereza, mmoja baada ya mwingine, na watu njiani wakampisha.