Datsun Nyekundu ya Thuranira

Muthomi alifika kwa wazazi wake Ruring'u, kando ya mji wa Nyeri, Jumamosi moja kabla ya saa sita, amekumbatia kasha la kadibodi kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Alimsalimu mama yake mlangoni, akaingia sebuleni moja kwa moja, akaliweka kasha mezani mbele ya baba yake na kuanza kulifungua kwa kisu cha jikoni.

Ndani mlikuwa na gari dogo lenye urefu wa shibiri moja. Datsun nyekundu yenye boneti nyeusi, ya aina ile iliyokimbia mbio za magari za Safari zamani. Nambari ilikuwa imeandikwa mlangoni, na chini ya milango walikuwa wamepaka rangi ya matope, kana kwamba limetoka barabarani sasa hivi. Milango ilifunguka. Boneti nayo ilifunguka, na chini yake injini ilikuwepo nzima, mpaka nyaya zake. Muthomi alikuwa amelinunua kwa mzee mmoja wa Nairobi aliyekusanya magari ya namna hiyo maisha yake yote, na sasa anayaachilia moja moja.

"Daktari si alisema tumletee vitu za zamani?" Muthomi alimwambia mama yake. "Basi, hii ni ya zamani."

Kasyoki, mama yake, alisimama akifuta mikono kwa aproni. Hakutarajia lolote. Kwa miaka mitatu alikuwa ameleta picha za harusi, nyimbo za kanisa, hata spana za mumewe mwenyewe, na Thuranira alizitazama zote kwa adabu, kama mgeni anayeonyeshwa albamu ya watu asiowajua.

Huyu Thuranira alikuwa fundi wa magari mjini Nyeri kwa miaka thelathini na saba. Watu walileta magari hata kutoka mbali kama Kagio, kwa sababu alikuwa na sikio: ungewasha injini, naye angesimama pale, ameinamisha kichwa, kisha akwambie ugonjwa bila kushika kitu. Siku ugonjwa wake mwenyewe, wa kusahau, ulipojionyesha, alikuwa amefungua giaboksi ya mteja na kupanga vipande vyote juu ya gunia. Alisimama mbele ya vile vipande toka asubuhi hadi saa nane. Wahome, mwenzake wa gereji, ndiye aliyemrudisha nyumbani.

Lugha ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili. Thuranira alikuwa Mmeru wa Timau, Kasyoki alikuwa Mkamba wa Machakos aliyeletwa Nyeri na kazi ya ualimu mwaka wa themanini na moja, na hakuna aliyewahi kujifunza lugha ya mwenzake zaidi ya salamu na majina ya vyakula. Walipokuwa wachumba alimwita Mwalimu. Muthomi alipozaliwa akawa Mama Muthomi, na jina lile la kwanza likapotea.

Kwa hiyo ugonjwa ulipoanza, na siku moja mumewe akamwita tena Mwalimu, Kasyoki alifurahi. Alidhani mapenzi ya ujana yamerudi. Alianza kuvaa hereni nyumbani. Ilichukua miezi minne kuujua ukweli, nao aliupata akiwa jikoni, aliposikia mumewe akiongea na Muthomi kwa simu: "Huyu mwalimu wameniwekea hapa ananitunza vizuri. Sijui ni nani alimtuma."

Tangu siku hiyo alizivua hereni.

Sasa Thuranira alinyoosha mkono akalichukua gari. Aliligeuza juu chini. Alipitisha kidole gumba kwenye ekseli, akafungua boneti, akainamisha kichwa, na uso wake ukabadilika jinsi chumba kinavyobadilika pazia likifunguliwa.

"Hii kitu wameweka hapa si mahali yake," alisema, akionyesha tangi dogo kando ya injini. "Yetu ilikuwa upande ule ingine. Nani alitengeneza hii?"

Muthomi alicheka mpaka machozi. Kasyoki aliketi chini.

Alasiri ile mzee aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima. Mwaka wa sabini na tatu, akiwa kijana wa miaka ishirini, aliajiriwa na timu moja ya mbio, yeye na mafundi wengine wawili, wangojee barabarani Timau wakiwa na tairi, petroli na jeki. Ilikuwa Pasaka, mvua inanyesha. Gari lilikuja limeinama upande mmoja, springi ya nyuma imevunjika. "Dereva hakutoka hata kidogo," alisema Thuranira. "Alikunywa chai kwa dirisha. Sisi tukaingia kwa matope. Dakika kumi na moja, Mwalimu. Kumi na moja, na ikaenda."

Muthomi alirudi Nairobi kesho yake akiwa na moyo mwepesi. Kasyoki naye akajiwekea desturi: kila siku baada ya chakula cha mchana alilitoa gari kwenye kabati, akaliweka juu ya mapaja ya mumewe, akaketi kando yake. Naye mumewe akarudi Timau kwa masimulizi. Siku ya tatu kisa kikapata mtu mpya.

"Kulikuwa na msichana," alisema Thuranira.

"Msichana gani?"

"Alikuwa ameleta viazi kwa sufuria. Viazi moto, na mvua inanyesha. Wale wengine alipea mbili mbili. Mimi alinipea tano." Alicheka kwa aibu, mzee wa miaka sabini na moja, akitazama magurudumu. "Anaitwa Kinya."

Kasyoki hakuwa amewahi kulisikia jina hilo. Kila siku baada ya hapo alisikia zaidi: sweta ya kijani ya Kinya, jinsi alivyotembea haraka, jinsi alivyomwimbia ng'ombe akikamua. Mara nyingi, katikati ya maneno, Kiswahili kilimwishia Thuranira akaendelea kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, laini, na Kasyoki alikaa pale akisikiliza bila kuelewa isipokuwa lile jina. Sauti ile hakuwahi kuitumia nyumbani. Alikuwa mume mwema, hakuwahi kumpiga wala kumnyima, lakini alikuwa mtu wa maneno machache, na Kasyoki alikuwa ameamini kwa miaka zaidi ya arobaini kwamba ndivyo alivyoumbwa.

Wiki ya pili mzee alimgeukia. "Mwalimu, wewe uko na mwandiko mzuri. Niandikie barua kwa Kinya. Mwambie nikimaliza kazi ya hawa watu nitakuja kuona baba yake."

Kasyoki alichukua daftari. Aliandika kila neno aliloambiwa, kwa mwandiko ule ule aliowafundishia watoto wa darasa la tatu. Walipofika mwisho, Thuranira alimwangalia kwa huruma.

"Na wewe, Mwalimu? Bwana yako yuko wapi?"

"Alisafiri."

"Atarudi lini?"

"Hakusema."

"Hiyo si vizuri," alisema Thuranira. "Mtu anafaa kusema."

Asubuhi iliyofuata Kasyoki alilifunga gari ndani ya blanketi akalipandisha juu ya kabati la nguo, nyuma ya masanduku. Kisha alimpigia simu wifi yake, Kagwiria, ambaye bado aliishi Timau. Hakuzunguka. Aliuliza, "Kinya ni nani?"

Kagwiria naye akauliza: "Nani amekwambia hiyo jina?"

"Ndugu yako."

"Woi. Mama Muthomi." Wifi yake alivuta pumzi. "Walikuwa waoane. Kinya alishikwa na homa mwaka wa sabini na tano, kabla ya mahari kwisha. Alikaa hospitali siku nne tu. Thuranira alikataa kukaa huku tena, ndiyo akaja Nyeri. Miaka sita hakutaka kuonyeshwa msichana. Halafu akasema amepata mwalimu. Mama yetu alisema mtu asikwambie kitu, kwa sababu wewe ndiye ulimfanya akule tena."

Kasyoki alishukuru, akakata simu. Kama yule msichana angekuwa hai, mahali fulani, amezeeka na kukosa meno, angalau Kasyoki angepata mtu wa kumkasirikia. Lakini mtu humwonea vipi wivu msichana wa miaka kumi na tisa aliye kaburini?

Hata hivyo hakulishusha gari. Moyo ulikuwa umeingia uchungu, na uchungu haukuondoka kwa kujua. Siku ya kwanza Thuranira alitafuta chini ya viti. Siku ya pili alifungua droo zote za jikoni. Siku ya tatu alienda hadi langoni akasimama kwenye ukungu, hana koti, akimuuliza kila aliyepita kama ameona gari jekundu. Keziah, jirani yao, alimrudisha amemshika mkono. Siku ya nne aligeuza uso ukutani, akakataa chakula.

Siku ya tano Kasyoki alipanda juu ya kiti akalishusha. Alilifuta vumbi kwa leso, akamwekea mapajani.

"Limepatikana," alisema.

Thuranira alilishika. Alifungua boneti. Kasyoki alingojea.

"Ni gari nzuri," mzee alisema.

"Ni ile ya Timau."

"Ehe?"

"Mlibadilisha springi. Dakika kumi na moja."

Alimtazama kwa adabu, macho yale yale aliyoyatumia kwa picha za harusi. Akalirudisha gari mezani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Daktari, Kasyoki alipompeleka wiki ile, alisema ugonjwa huu hushuka ngazi kwa ngazi, na kwamba ngazi hii ingefika tu, gari lifichwe lisifichwe. Kasyoki aliitikia. Hakumwamini. Usiku alilala akihesabu zile siku tano, na mchana alijaribu kila njia. Alichemsha viazi vizima akavileta kwa sufuria. Alimsomea barua kutoka kwenye daftari. Alimwomba Kagwiria azungumze naye kwa simu kwa Kimeru, na mzee alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akampa Kasyoki simu.

Mwisho akaanza kumsimulia yeye mwenyewe. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliketi pale pale, gari mezani kati yao, akaeleza kwa sauti ya darasani. Kulikuwa na kijana fundi, alisema. Ilikuwa Pasaka, mvua inanyesha. Msichana mmoja mwenye sweta ya kijani alileta viazi, wengine akawapa viwili viwili, yeye akampa vitano. Alipofika kwa Kinya akikamua ng'ombe, alipunguza mwendo asiruke kitu, maana sasa hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyemkumbuka yule msichana hivyo, ila yeye.

Siku moja Thuranira alisikiliza hadi mwisho. "Halafu huyo kijana alimwoa?"

"Hapana. Alioa mwalimu mmoja kutoka Machakos."

Mzee alifikiri. "Pole yake," alisema, na Kasyoki hakujua anampa pole nani.

Baadaye kidogo mzee akaomba uji, na Kasyoki akaenda jikoni kuupasha.