Swali Alilolipenda Halvard

Halvard Røed alinipa mkono, akalisikia jina langu, akanitazama usoni na asinikumbuke.

"Ingunn," nilimwambia.

"Nafurahi kukufahamu, Ingunn," alijibu, akaketi na kujimiminia kahawa kama aliyefika kwa dada yake.

Siku hiyo nilikuwa nimeingoja miaka kumi na minne. Ofisi yetu ya misaada hapa Oslo hufuta majina kwenye barua za maombi kabla hatujazisoma, ili tusimpendelee mtu; mwombaji hubaki na namba tu. Namba kumi na saba nilimtambua ukurasa wa kwanza. Nani mwingine aliongoza kambi ile ya waathirika wa mafuriko Pakistani, mwaka ule? Nikampa alama za juu kabisa. Kumkataa kwa barua kusingenitosha. Nilitaka aje kwa miguu yake, avae koti lake zuri, atumaini, kisha nimkate alama mojamoja bila yeye kujua kisu kimetokea wapi.

Asubuhi hiyo, majina yalipofunuliwa, Bjarte wa idara ya ajira alitugawia fomu yenye swali moja: je, unamfahamu yeyote kati ya hawa? Nikaweka alama kwenye Hapana, nikatia saini. Kwetu uongo wa namna hiyo haujadiliwi. Anayebainika hukusanya vitu vyake mchana huohuo. Nililijua hilo vizuri, maana kanuni hiyo niliiandika mimi.

Nilipokutana na Halvard nilikuwa na miaka ishirini na sita, mhandisi wa maji katika kazi yake ya kwanza. Nilichora vyoo vikae mwinukoni, mbali na visima. Yeye akaamuru vichimbwe bondeni, kwa sababu mwinukoni kulikuwa na mwamba na wageni kutoka makao makuu walikuwa njiani. Nikamwandikia barua ya kumwonya. Watoto kumi na mmoja walikufa kwa kuhara. Ripoti yake ikasema mchoro ulikuwa wangu, na mwishoni akaongeza sentensi moja: hafai kupelekwa tena kambini.

Sentensi hiyo ilinitangulia kwenye kila mlango niliobisha. Miaka sita nilifundisha hesabu Lillehammer, nikiwatazama wenzangu kwenye taarifa ya habari wakishuka kwenye ndege, fulana zao zina nembo. Nilimchukia Halvard kila siku ya miaka hiyo, na sioni haya kusema kwamba chuki hiyo ndiyo iliyonipandisha, kutoka kazi ya mezani niliyoipata baadaye hapa Oslo, hadi kwenye kiti cha mwenyekiti wa usaili.

Maswali yetu ni manane, yaleyale kwa kila mtu. La nne ni langu.

"Tueleze kosa ulilowahi kulifanya kazini."

"Swali hili huwa nalipenda," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Lakini Halvard alisema kweli.

"Nilichimba vyoo karibu na visima ili niwahi ugeni," alisema. "Kulikuwa na binti mmoja, mhandisi, mdogo tu. Alinionya kwa barua kabisa. Nikaitia kwenye droo." Alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Tulizika watoto kumi na mmoja. Na lawama zote nikamtwisha yule binti. Mimi nilipanda cheo, yeye akaishia hapo. Tangu siku hiyo, jamani, mdogo akiniambia kitu, nasikiliza."

Åshild, mkurugenzi wetu, alikuwa anapangusa macho. "Asante," alimwambia. "Si wengi wanaoweza kulisema hilo mbele za watu."

Niliitazama mikono yake ikiirudisha miwani usoni bila haraka, nikaelewa. Hadithi hii alikwisha kuisimulia kwenye usaili Geneva, na Kopenhagen, na kila mara miwani ilivuliwa palepale. Mimi nilidhani ameificha kweli, kumbe alikuwa anaitembeza. Watoto wale walikuwa wakimfungulia milango, nami nikiwa pamoja nao. Nilihisi hasira hadi kwenye meno.

"Anaitwa nani?" niliuliza.

"Nani?"

"Huyo binti."

Bjarte alikohoa. "Ingunn, hilo halimo kwenye orodha."

"Najua halimo. Anaitwa nani, Halvard?"

Alitazama dari, akatabasamu kidogo. "Turid. Turid nani, sijui. Zamani hiyo! Ila nimetamani sana kumtafuta."

"Ulimtafuta wapi?"

Alinyoosha mkono kwenye birika la kahawa. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya mikate ya Ijumaa, ile ya maziwa inayochomwa kwenye vyuma na kuliwa na jibini ya kahawia. Saa nane ofisi nzima ingeketi meza moja, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi, na mimi nikiwemo, kama ningenyamaza.

Ningeweza kunyamaza. Ningeandika sifuri, Åshild angebisha, ningemshinda. Hivyo ndivyo nilivyopanga. Lakini Halvard angerudi nyumbani akidhani amepitwa na kijana, na Jumatatu angevua miwani kwingine na kumsimulia Turid.

Nikaichomoa fomu yangu kwenye jalada la Bjarte. Nikaipiga mistari miwili alama iliyokuwa kwenye Hapana, nikaweka nyingine kwenye Ndiyo, nikaandika saa na kutia saini upya.

"We Ingunn, unafanya nini?" Bjarte alinong'ona.

"Soma."

Alisoma, akampa Åshild. Åshild aliinua uso taratibu. "Unajua maana yake hii?"

"Najua. Nitakusanya vitu vyangu tukimaliza." Nikamgeukia Halvard. "Barua niliyokuandikia, ile uliyoitia kwenye droo, iko wapi?"

Mkono wake ulikwenda kwenye miwani, ukaishia njiani. Alinitazama kwa muda mrefu, na safari hii alikuwa ananitafuta.

"Ingunn," alisema, na jina lilimtoka kwa shida.

"Naam," nilimwambia, nikafungua kalamu. "Anza upya. Swali la nne."