Ubao wa Zunaira

Fundi Niazi hakuwa mtu wa kujinyima sifa. Katika mtaa wote wa wachongaji pale Chiniot, ukiuliza nani ana mkono mzuri kuliko wenzake, angekujibu yeye mwenyewe kabla hujamaliza kuuliza. Na hakuwa mwongo. Vitanda vyake vya harusi vilikwenda mpaka Karachi, na mteja akiingia karakanani na kunyoosha kidole tu, Niazi alipiga kelele, "Usiguse, haijakauka!" hata kama vanishi ilikuwa imekauka tangu juzi.

Kwa hiyo Jumanne ile, binti yake Zunaira alipoleta kikaratasi kutoka kwa mwalimu, Niazi alikisoma mara mbili akidhani kimekosea nyumba. *Mkono wa mtoto ni dhaifu. Herufi zake zinakatikakatika. Alhamisi nitakagua mbao za kuandikia za darasa zima, na asiyeweza kuandika atarudi Darasa Bichi.*

Darasa Bichi, ndivyo wanavyoliita, ni la watoto wa miaka minne wanaowalilia mama zao na kujikojolea. Zunaira alikuwa na miaka sita. Alikuwa ameingia Darasa Bivu miezi miwili tu iliyopita, na siku hiyo baba yake aligawa halwa mtaa mzima. Sasa arudishwe chini, watu wote wakiangalia?

"Mkono dhaifu!" alifoka. "Mwanangu mimi? Huyu ana mkono wa babu yake!"

"Babu yake alichonga milango," alisema Sughra, mkewe, huku akisukuma chapati. "Hata jina lake hakujua kuliandika. Usipige kelele, Baba Zunaira, mtoto anasikia."

"Asikie! Ajue baba yake hakubali." Akamgeukia Zunaira, aliyesimama mlangoni akijikuna mguu kwa mguu mwingine. "Hebu njoo, mama. Mkono wako una nini?"

"Hauna kitu, Abba."

Basi akampa penseli yake ya useremala na kipande cha mbao, wakaketi kwenye vumbi la msumeno. Zunaira akatoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, akaandika. Herufi ya kwanza, alifu, ikasimama wima. Be ikalala na tumbo lake, nukta yake chini. Jimu ikajipinda vizuri kuliko majani ya mzabibu aliyoyachonga baba yake asubuhi ile.

"Umeona?" Niazi alimwita mkewe kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Tatizo si mtoto. Tatizo ni mwalimu. Ana umri mkubwa, macho hayaoni, na anafuma sweta darasani. Nitakwenda kesho kumweleza."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema Sughra.

"Mbaazi gani? Maua si haya hapa?"

Niazi alicheka, lakini usiku ule usingizi wake haukuwa mzuri. Kama mtoto anaandika hivi nyumbani, kwa nini shuleni herufi zikatike? Anaogopa? Anaonewa? Niazi alimpenda mtoto yule kwa namna iliyomwogopesha yeye mwenyewe, na wazo kwamba anateseka kimyakimya lilimchoma.

Asubuhi ya Jumatano alivaa shati lililopigwa pasi, akambebea bintiye ubao. Njiani watoto wengine walipita mbio na mbao zao, mbovumbovu, zilizonunuliwa sokoni kwa Rafaqat, mtu ambaye Niazi hakuwahi kumwita fundi. Mbao za Rafaqat zilipigwa randa mara moja kwa haraka, basi. Ubao wa Zunaira ulikuwa kitu kingine. Ulikuwa wa mti wa shishamu safi, mpini wake umenakshiwa ua la waridi, uso wake umepigwa msasa mpaka ukawa laini, kisha vanishi mara tatu. Niazi aliufanyia kazi siku nne nzima, akamwacha mteja wa kabati akisubiri.

Mwalimu Tasnimu alikuwa ameketi uani shuleni, sweta lake mapajani.

"Nimekuja kuhusu mkono wa mwanangu," alisema Niazi. "Ni mzima. Nimeupima mwenyewe."

"Karibu, fundi. Huo mkono hata mimi naupenda. Kazi yake ndiyo siioni." Akamwita Zunaira. "Njoo uandike, baba yako aone."

Kila mtoto huosha ubao wake mchana, akaupaka udongo mweupe na kuuanika juani. Asubuhi mwalimu huandika herufi kwa penseli juu ya udongo huo, na mtoto huzifuata kwa wino na kalamu ya tete. Mwalimu akaandika. Zunaira akachovya kalamu, akashusha alifu.

Kalamu iliteleza. Wino ukakusanyika vitone vitone, vikatiririka hadi ukingoni. Alipojaribu be, kipande cha udongo kikabanduka kama ganda la yai, na nusu ya herufi ikaondoka nacho.

"Kila siku ni hivi," alisema Mwalimu Tasnimu. "Nilidhani hajui kupaka udongo. Nimemgombeza mara mbili. Nikamwambia aazime ubao wa mwenzake, akakataa katakata."

"Azima sasa," alisema Niazi. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Mtoto wa jirani akasogeza ubao wake, ubao wa Rafaqat, uliojaa vibanzi vya kuchoma vidole. Zunaira alimwangalia kwanza baba yake, kama mtu anayeomba ruhusa ya kufanya kosa. Kisha akaandika mstari mzima, alifu mpaka khe, wino umeshika, herufi zimekaa.

Niazi akauchukua ubao wake mwenyewe, akaukwangua udongo kwa ukucha, akapitisha kidole gumba juu ya mbao. Laini. Inateleza. Miaka ishirini alikuwa akiwaambia wateja, "Ipige vanishi, maji hayatapenya wala chochote hakitashika." Chochote. Udongo pia, na wino pia. Rafaqat alilijua hilo, na Niazi, bingwa wa Chiniot, hakuwa amelijua.

Aliona haya mpaka masikio yakawa moto. Akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Ulijua?"

Zunaira akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia, mama? Umegombezwa bure!"

"Ulisema hakuna ubao kama huu Chiniot nzima," alisema Zunaira. "Ulifurahi sana, Abba."

Mwalimu Tasnimu akainama juu ya sweta lake, akahesabu vishono ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Niazi angeweza kulia pale pale mbele ya watoto wa Darasa Bivu, na haingekuwa aibu kubwa kuliko ile aliyokwisha kuipata.

Alasiri ile alifunga ubao kwenye meza ya kazi, akashika randa. Zunaira akaketi juu ya kreti kando yake.

"Wewe ndiye fundi leo," alimwambia. "Sema ubao ukitosha."

Vanishi ikatoka vipande virefu vinavyong'aa. Niazi akaumwagia ubao tone la maji. Likasimama.

"Bado," alisema Zunaira.

Akapiga tena. Tone likatambaa.

"Bado, Abba."

Mara ya tatu maji yakazama na kuacha doa jeusi. Zunaira akapitisha kiganja chake, akachomwa na kibanzi kidogo, akacheka. "Sasa."

"Na ua la mpini? Niliondoe?"

"Hilo liache. Hatuandiki huko."

Sughra alikuwa mlangoni na beseni la udongo mweupe. Hakutaja mbaazi wala jua, na mume wake alimshukuru kwa hilo moyoni.

Alhamisi mchana Niazi alikuwa na mteja kutoka Faisalabad, mtu mwenye pesa na maneno mengi, aliyetaka kitanda chenye tausi wanne. Zunaira akaingia mbio, viatu mkononi. Watoto wengine walikuwa kwenye bomba wakiosha mbao zao. Yeye hakuosha. Aliushika ubao kwa mikono miwili, ua la waridi limemwelekea kifuani, na juu ya udongo mweupe zilikuwapo herufi zote, nyeusi, nzima, kutoka alifu mpaka ye. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika neno moja kwa wino wake mwenyewe: *Bivu.*

Niazi akaacha patasi, akamwacha mteja na tausi wake. Akanyoosha kidole aifuate ile alifu.

"Usiguse, Abba!" Zunaira akarudi nyuma hatua moja. "Haijakauka!"

Niazi akarudisha mkono wake, akauweka mgongoni, akaanza kusoma.