Swichi ya Katikati

Kaka yake aliitwa Injinia, na jina hilo alijipa mwenyewe, maana hakuna mwenye akili timamu ambaye angempa. Aliwahi kutengeneza pasi ya mama yao, na tangu siku hiyo mama anaazima pasi kwa jirani. Aliwahi kutengeneza redio ya binamu yao, mpiga drams, na sasa binamu anaitumia kuegemeza mlango usijifunge. Asubuhi hiyo Injinia alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni, gitaa la marehemu baba limefunguliwa tumbo, chuma cha kulehemia kinafuka moshi pembeni ya mkate. Dada mtu, mpiga besi wa bendi yao ya watu watatu, alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akimtazama kama anayemtazama mbuzi akijaribu kufungua kufuli.

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Jioni bendi ilikuwa na majaribio kwenye ukumbi wa mtaa wa pili, na wakimpendeza meneja wangepata kazi ya kudumu, kila mwisho wa wiki. Dada alikuwa akishona vifungo kwenye kiwanda cha sare, kutwa nzima wima mbele ya mashine inayomtetemesha hadi meno. Alishaapa kwamba wakipata ukumbi ule, kiwanda kitamsikia kwenye bomba.

"Hivi hilo gitaa lilikuwa na ubaya gani?" aliuliza.

"Pikapu zimezeeka," Injinia akasema bila kuinua kichwa. "Sauti imelala."

"Aliyelala ni mpigaji."

Pikapu ndizo zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, zinazokaa chini ya nyuzi na kuokota sauti. Injinia alikuwa amenunua mbili mpya, za watengenezaji wawili tofauti, kwa kuwa muuza duka alimjaza maneno kwamba kila moja ni bora kwa nafasi yake. Kila moja ilikuja na waya mwekundu na mweusi, pamoja na karatasi ya maelekezo ambayo Injinia aliitumia kufutia mikono. Akalehemu rangi kwa rangi, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, huku akipiga mluzi. Kwamba kila mtengenezaji anaweza kuwa na rangi zake, na kwamba mwekundu wa huyu unaweza kuwa mweusi wa yule, hilo halikumpitia kichwani hata kwa bahati mbaya.

Alipomaliza alifunga nyuzi, akachomeka amplifaya, akapiga. Swichi ya kuchagua pikapu ikiwa juu, sauti ilikuwa nene, tamu kabisa. Swichi ikiwa chini, ilikuwa kali na safi. Akaiweka katikati, pikapu zote mbili zilie pamoja, na gitaa likatoa kisauti chembamba cha puani, kama mbu ndani ya kopo.

Katikati ndipo penyewe. Baba yao maisha yake yote alipiga swichi ikiwa katikati, na Injinia, aliyerithi gitaa na kiburi vyote kwa pamoja, hakuwahi kuigusa swichi hiyo akiwa jukwaani.

"Unasikia?" Injinia akasema, macho yakimng'aa. "Sauti ya kisasa. Ina hewa."

Dada alijua papo hapo. Aliwahi kuunga spika za bendi akageuza nyaya za moja, na mlio wote wa chini ukapotea, kwa sababu moja ilikuwa ikisukuma wakati nyingine inavuta. Pikapu hizi zilikuwa zikiulana vivyo hivyo. Dawa yake ni kugeuza nyaya za pikapu moja tu, na chuma bado kilikuwa cha moto.

"Umegeuza nyaya, Injinia wa mikate. Sema 'dada, nisaidie', nikurekebishie sasa hivi."

"Nikuombe wewe? Mshona vifungo?"

Hapo ndipo alipomkata maini. Mama yao, aliyekuwa akichambua mchele kwenye kigoda, alimvuta upindo wa kanga.

"Mwambie kaka yako kwa upole, mwanangu. Ukimcheka hatasikia."

"Mama, huyu hata ukimwimbia hasikii."

Akatia kikombe kwenye beseni, akaenda kufuta vumbi besi yake. Acha aende nayo hivyo hivyo, alijisemea. Leo ataumbuka mbele ya watu, na mimi nitakuwa pale pale nikitazama. Wazo hilo lilimpendeza mno, akashinda nalo mchana kutwa.

Ukumbini meneja alikaa mstari wa mbele, peke yake kati ya viti vitupu vya plastiki, akizungusha shada la funguo kidoleni. Binamu alihesabu kwa fimbo zake, wakaanza. Injinia alifumba macho, akatingisha kichwa, akakunja uso kwa hisia, na kilichotoka kilikuwa ule ule mlio wa mbu. Dada alipiga besi vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Kila noti ilitua nzito na ya mviringo, na kila ilipotua alimtupia kaka yake jicho, akaona raha.

Walipomaliza, meneja alinyanyuka.

"Bendi nimeipenda," alisema. "Drams safi. Na wewe wa gitaa, una mikono, tatizo hatukusikii. Besi inakufunika. Hiyo besi ni nzito mno. Mimi nina mtu wangu wa besi, mtulivu. Ninyi wawili njooni Ijumaa, nitawaunganisha naye."

Dada alidhani hakusikia vizuri. Alimgeukia kaka yake. Injinia alikuna kidevu.

"Hata mimi nilikuwa namwambia," akasema. "Huwa anazidisha."

"Siyo besi!" Sauti ya dada iligonga ukuta wa nyuma ikarudi. "Ni pikapu za gitaa. Kageuza nyaya, zinaulana! Hebu mwambie apeleke swichi juu, usikie mwenyewe!"

Injinia, kwa kutaka kumwonyesha kuwa ni mwongo, aliisukuma swichi, akapiga. Gitaa lilijaza ukumbi mzima. Binamu aliacha mdomo wazi. Injinia akapiga tena, taratibu, bila kumtazama mtu.

Meneja aliacha kuzungusha funguo.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi," dada akasema.

"Ukapanda nao jukwaani, umenyamaza?"

Dada alianza kuchomoa waya wa besi yake. Meneja akawageukia wale wawili.

"Ijumaa," alisema. "Mje mapema."