Opicho na Wanyama Waliokwisha

Walter Opicho alikuwa amechora ng'ombe kwa miaka ishirini na minane, na hakuna bucha mtaa wa Baba Dogo iliyokuwa na haki ya kumwambia hajui mnyama. Ng'ombe wake wote walikuwa mmoja: wa kahawia, anatazama kushoto, anatabasamu kana kwamba habari za kisu hazijamfikia. Alichora pia mitindo ya nywele ya saluni na meno ya daktari wa meno ambaye hakuwa daktari. Mara moja kanisa lilimpa kazi ya kumchora Yesu, na waumini wakakubaliana, kwa upole wa Kikristo, kwamba macho yake yalikuwa ya ng'ombe. Kisha zikaja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki, na Walter akawa fundi mashuhuri asiyeitwa na mtu.

Mkewe, Beldina, alikuwa akipakia biskuti kiwandani. Alirudi kila jioni ananukia vanila, na ulimi usio na sukari hata chembe. Hakuwahi kumwambia mumewe atafute kazi nyingine. Alimuuliza tu, kwa heshima zote, kama ofisini kulikuwa na shughuli nyingi leo. Ofisi ilikuwa kiti cha plastiki mlangoni.

Aliyeleta balaa ni Triza, binti yao aliyesomea chuo cha ufundi. Alimwonyesha babake kwenye simu chalenji ya mwezi mzima: kila siku linatajwa jina la mnyama mmoja wa kale, dinosaria au mwingine aliyekwisha duniani, na wachoraji wa dunia nzima wanamchora na kumweka mtandaoni kabla siku haijaisha. Siku thelathini na moja, wanyama thelathini na mmoja. Walter aliuliza kuna zawadi gani. Triza akasema hakuna. Akauliza mteja ni nani. Triza akasema hakuna. Walter akatafakari kidogo, akaona hali hiyo ameshaizoea, akakubali.

Karatasi hakuiamini. Alikwenda kwenye ukuta mrefu wa godauni la sabuni lililofungwa, akiwa na vikopo vya rangi vilivyobaki kwenye kazi za zamani. Bawabu alikuwa amelinda godauni tupu kwa miaka minne, na akafurahi kupata kitu cha kulinda.

Siku ya kwanza ilikuwa ya yule mfalme wao mwenye meno, Tiranosauri. Walter alimshughulikia kutwa nzima. Kufikia alasiri mnyama alikuwa na meno, kucha na mkia wa kutosha, na alikuwa anatazama kushoto, anatabasamu. Vijana wa maskani ya bodaboda walivuka barabara kuja kumwona.

"Niaje buda," mmoja alimsalimia mzee. "Hii ng'ombe imeokoka ama?"

Mtandaoni hawakuwa na huruma zaidi. Mtu wa nchi ambayo Walter hakujua iko wapi aliuliza dinosaria huyo anatoa lita ngapi kwa siku. Triza alijaribu kuificha simu lakini babake alikuwa ameshasoma. Beldina naye alipita akitoka kazini, akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, akasema mnyama anaonekana mpole sana, na huenda ni upole huo uliomwua.

Walter alikula ugali wake. Kilichomuuma si kicheko. Kwa miaka mingi alikuwa amejua kwamba mkono wake unajua mnyama mmoja tu, na hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kumwambia.

Siku ya pili na ya tatu mambo hayakubadilika. Yule mwenye pembe tatu alitoka kama ng'ombe aliyepewa pembe moja ya ziada kwa makosa ya karani. Ndipo Triza akamweleza walichosema wataalamu, kwamba ndege ni kizazi cha dinosaria, na kwamba kuku, kwa jinsi hiyo, ni jamaa wa karibu wa yule mfalme. Walter alidhani anataniwa. Asubuhi ya nne, hata hivyo, alichukua daftari na penseli akaenda kwa Shamso.

Shamso alikuwa mjane aliyeuza kuku hai kwenye kona ya msikiti. Katika miaka kumi na mitano alikuwa amejifunza kwamba wanaume wanaokodolea kuku macho kwa muda mrefu ni wa aina tatu: asiye na pesa, mwizi, na yule ambaye kwa kweli hamtazami kuku. Walter alipokuja asubuhi ya tatu mfululizo bila kununua hata yai, Shamso aliamua ni wa aina ya tatu, akamjulisha mbele ya wateja kwamba yeye ana kaka wengi, na hakuna aliye mdogo. Walter akamnyooshea daftari. Shamso alifungua. Kurasa zote zilikuwa miguu. Miguu iliyosimama, miguu iliyoinuliwa, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, magamba, kucha.

Alisimama kwenye ukurasa mmoja.

"Huyu ni jogoo wangu kiwete," alisema. "Umeona anavyokanyaga."

Kuanzia hapo alimpa kigoda, mradi asizibe njia ya wateja. Akaanza pia kumsahihisha, maana alikuwa ameishi na kuku muda mrefu kuliko alivyoishi na marehemu mumewe, na alikuwa amewaelewa zaidi. Alimwambia kuku hatupi mguu mbele hivi hivi kama askari. Shingo inatangulia, mwili unafuata, mguu unakuja mwisho kuuzuia usianguke.

Siku ya kumi na moja Walter alichora dinosaria mdogo mwenye manyoya na kucha moja ndefu kila mguu. Vijana wa bodaboda walikuja kama kawaida, wakiwa na maneno yao tayari. Hawakuyasema. Mmoja alirudi akaisogeza pikipiki yake mbali kidogo na ukuta, kisha akajifanya alikuwa anatafuta kivuli. Beldina alipopita aliuliza kama huyo naye anafungiwa ndani au analala nje.

Basi ukuta ukapata jina. Walimu wa chekechea walileta watoto wakiwa wameshikana sweta. Mhubiri mmoja alikuja kuhubiri dhidi ya wanyama hao, kwa kuwa dunia, kwa hesabu zake, haijafikisha umri huo. Alikuta umati mzuri kuliko wa Jumapili, akarudi kesho yake kuwahubiria tena. Beldina aliendelea kutoa maoni bila kuombwa. Yule mwenye vigae vya mifupa mgongoni alimwita "wa mabati", akasema angalau huyo alikuwa amejenga, tofauti na watu fulani.

Siku ya ishirini na mbili alifika mtu aliyetaka kuwa diwani. Uchaguzi ulikuwa bado mbali, lakini yeye alishaanza kuitika akiitwa Mheshimiwa, ili kulizoeza jina. Alishuka garini, akautazama ukuta wote kutoka mwanzo hadi mwisho, akaona kile ambacho kiongozi huona: watu. Akamwambia Walter amchoree sura yake hapo katikati, kubwa, juu ya wale wanne wenye shingo ndefu, na chini yake maneno ya kuonyesha kwamba kesho ni yake.

Ilikuwa miezi mitano tangu mtu yeyote amwagize Walter kitu. Alipangusa mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. Akasema anaweza kumchora Mheshimiwa mwisho wa mstari, baada ya siku ya thelathini na moja, zamu yake ikifika. Msaidizi aliyekuja naye akamweleza kwamba Mheshimiwa hapangi foleni nyuma ya mijusi.

"Basi sitamchora," Walter alisema, na yeye mwenyewe akashangaa kuisikia sauti yake.

Asubuhi ya siku ya ishirini na nne alikuta ukuta mweupe, pe, kutoka pembe hadi pembe. Juu ya weupe huo yalikuwa yamebandikwa mabango ya plastiki ishirini na matatu, sura ile ile ishirini na tatu, zote zinatazama kushoto, zinatabasamu. Bawabu aliapa kwamba aliambiwa mwenye godauni ameruhusu. Mwenye godauni alikuwa hajaulizwa na yeyote.

Walter alikaa juu ya jiwe mpaka jua likamfikia. Kisha akarudi nyumbani, akaosha brashi zake vizuri kuliko siku zote, akazifunga ndani ya kopo, akamwambia Triza awaandikie wale watu wa mtandaoni kwamba fundi anaumwa.

Beldina alikuwa amepita ukutani. Aliingia bila kuuliza habari za ofisi. Aliweka mkoba chini, akalivuta kochi hadi katikati ya chumba, akaondoa kalenda, saa na picha ya harusi, akaviweka kitandani. Ukuta wa sebule yao, futi kumi kwa kumi, ulibaki mtupu, wenye alama ya jasho pale walipozoea kuegemeza vichwa.

"Leo kwenye orodha ni nani?" aliuliza.

"Ndovu wa kale. Yule wa manyoya."

"Mchore. Na rangi ikidondokea kochi langu, tutaonana."

Walter alimtazama. "Mama Triza, si umenicheka mwezi mzima?"

"Nimekucheka, ndiyo," alisema Beldina. "Lini nilikuambia uache?"

Akaingia jikoni kuchemsha chai. Walter akafungua kopo.

Siku saba zilizofuata hazikuwa na raha kwa mtu mwenye nyumba safi. Wanyama walijaa sebuleni, wakapanda juu ya mlango, mmoja akakunja mkia kuzunguka swichi ya taa. Wapangaji wa orofa zote walishuka kuwaona. Beldina aliwavulisha viatu mlangoni na kuwalalamikia mmoja mmoja kwa jina, huku akiwamiminia chai. Shamso alikuja Ijumaa na buibui lake jipya, akakagua miguu yote, akakataa mmoja. Walter akaurudia.

Siku ya mwisho kila mchoraji aliachiwa achague mwenyewe. Triza alimletea mnyama wa huku huku. Mifupa yake ilifukuliwa magharibi mwa Kenya, upande wa Muhoroni, ikakaa kwenye droo ya makumbusho miaka na miaka hadi mtu akaivuta droo na kutazama upya. Wakampa jina la Simbakubwa. Lakini hakuwa simba, wala hakuwa ndugu wa simba. Beldina alisema basi huyo ni Mkenya halisi, cheo kikubwa na kazi haihusiani.

Walter alimchora ukuta mzima wa mwisho uliobaki mtupu, kutoka mlangoni hadi dirishani. Hakumgeuza kushoto. Alimleta moja kwa moja mbele, kichwa kimeinama, shingo imetangulia, mguu mmoja uko hewani unakaribia kutua. Alipomaliza, Beldina alikaa kwenye kochi kumkabili, akamtazama mpaka chai yake ikapoa. Hatimaye alisema kuwa maharagwe jikoni ataenda kuyaangalia mtu mwingine, maana yeye hampi huyo mgongo.

Mtandaoni picha ilipendwa na watu mia mbili na kidogo, yaani dunia haikusimama. Mmoja aliuliza fundi alisomea wapi kuchora miguu. Walter akamwambia Triza ajibu: kwa Shamso wa kuku.

Wiki moja baadaye Nzivo, keateka wa ploti, yaani msimamizi wa jengo lao la kupanga, alikuja na mkataba mkononi kuwakumbusha kwamba kuta za ndani zinapaswa kuwa rangi ya krimu. Beldina alimjibu kwamba mwenye ploti aje mwenyewe amwambie mnyama ahame. Mwenye ploti akaja, Jumamosi, amevaa suti na amejiandaa kufoka. Nzivo alisimama nyuma yake kushuhudia.

Mzee yule aliingia, akakutana na Simbakubwa uso kwa uso, akarudi hatua moja akamkanyaga Nzivo. Kisha akauliza kama fundi anaweza kumwekea mmoja kama huyo nyumbani kwake mtaa wa Utawala. Ila afadhali awe ndovu, alisema, ndovu wa kawaida, kwa kuwa wageni wake ni watu wazima na ndovu anaeleweka. Je, Jumatatu fundi ana nafasi?

Walter alijikuna kidevu. Alisema Jumatatu ofisini itakuwa ngumu, lakini ataangalia Jumanne.

Beldina aligeukia dirisha haraka, akajifanya anakunja pazia, mabega yakimtikisika kwa kicheko.